Baba Mgeni, Mwana Mwenyeji

Mtoto wa Dar es Salaam akikutana na mtu mzima asiyemjua, baada ya kumwamkia huulizwa jina lake, kisha huulizwa, "Kwenu ni wapi?" Akijibu kwamba kwao ni Tandika, au Mwananyamala, au Mbagala, muulizaji hucheka kidogo na kusema, "La, nauliza kwenu hasa." Ndipo mtoto hulitafuta jina alilolisikia kinywani mwa baba yake, akasema Machame, au Usangi, au Njombe, au Bukoba. Huenda amefika huko mara mbili tu tangu kuzaliwa, tena kwa siku chache za Krismasi, akalala katika chumba cha wageni. Lakini jibu hilo humridhisha muulizaji, na mazungumzo huendelea.

Twapenda, wapenzi wasomaji, kulitazama swali hili kwa utulivu, maana ndani yake mna neno la haki baina ya baba na mwana. Je, baba aliyehama ana haki ya kumdai mwanawe aipende nchi ambayo mwana hakuzaliwa wala hakukulia? Na kama hana haki hiyo, amebakiwa na wajibu gani? Walimu wa vijana huko Kinondoni na Temeke walijua jambo hili kwa macho yao, kwa kuwa huwaona baba na watoto wakikaa benchi moja kanisani, lakini baba aimba kama mtu aliye safarini, na mwana aimba kama mtu aliye nyumbani.

Mji huu tangu asili ni mji wa waliokuja. Sultani Majid wa Unguja aliuanza katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, nao Wazaramo walikuwa wenyeji wa nchi ya pande zote. Wadachi wakaufanya makao ya serikali yao mwaka 1891. Hata mwaka 1948 watu wa mji walikuwa karibu 69,000 tu. Hesabu ya mwaka 1967 ilipata zaidi ya 270,000. Ya mwaka 2012 ilipata 4,364,541 katika mkoa mzima. Ya mwaka 2022 ilipata 5,383,728. Wingi huo haukutoka katika uzazi peke yake. Watu walikuja, wakajaa Magomeni na Manzese na Keko, kisha wakasogea mbele hata Mbagala, Chamazi na Bunju, mahali ambapo wazee waliokuja kwanza walipajua kuwa ni mashamba ya minazi na mikorosho. Wilaya zenyewe zilizidiwa na watu: Ubungo ikatengwa na Kinondoni, na Kigamboni ikatengwa na Temeke.

Sasa yafaa tukumbuke namna watu hao walivyopokewa. Wakati wa Waingereza mji haukumtaka baba. Ulimtaka mtu wa kazi. Mshahara ulihesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja, kana kwamba hana mke wala mtoto, maana wakubwa walidhani shamba huko bara litawalisha waliobaki. Mwaka 1944 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu isiowataka, na mtu asiye na kazi aliweza kupakiwa na kurudishwa alikotoka. Wala mambo hayo hayakwisha na uhuru. Mwaka 1983, katika shughuli iliyoitwa Nguvu Kazi, watu walikamatwa barabarani katika Dar es Salaam wakapelekwa vijijini, kwa kuwa hawakuweza kuonyesha kazi iliyokubaliwa. Hatuyataji haya ili kuwalaumu watu waliokwisha kupita. Twayataja kwa sababu ugeni wa baba haukuanza moyoni mwake. Alifundishwa. Kwa miaka mingi mji ulimwambia mwanamume aliyetoka bara kwamba hapa hana kwake, naye akasikia, akajifunza kukaa kama mtu aliyefunga mizigo. Ajabu ni hii: leo hakuna amfukuzaye, mkewe yuko pamoja naye, wanawe wasoma shule ya hapo hapo mtaani, naye bado hajaifungua mizigo ile.

Watu husema, Mkataa kwao ni mtumwa. Methali hiyo ndiyo fimbo ambayo baba wengi humchapia mtoto asemaye kwamba kwao ni Temeke. Basi na tuichunguze fimbo yenyewe. Lugha yetu ina neno "nyumbani", nalo latokana na nyumba. Lakini neno lililo kubwa zaidi ni "kwetu", na "kwenu", na "kwao". Na maneno hayo hayatokani na udongo wala na kuta, yatokana na watu. Kwetu ni pale tulipo sisi. Kwao ni pale walipo wao. Ukiwaondoa watu, neno halibaki. Shamba ambalo hapana mtu wa kukuita kwa jina lako si kwenu, ingawa limeandikwa jina lako. Ni shamba tu.

Basi mtoto wa Tandika, kwao ni wapi kwa kipimo cha neno hilo? Ni pale alipo mwenye duka amwitaye "mwanangu" na kumkopesha sukari (naye mwenye duka huyo huitwa Mangi, hata akiwa si Mchaga). Ni pale walipo rafiki aliocheza nao mpira wa makaratasi, na mama wa chumba cha pili aliyemchukua hospitali siku ambayo mama yake hakuwapo. Mtoto huyo akisema kwamba kwao ni Tandika, hakukataa kwao, amekutaja. Na kama methali ni lazima impige mtu, yaweza pia kumpiga baba aliyekaa mtaa mmoja miaka 30, akala na watu, akauguzwa na watu, na bado akasema, "Mimi hapa napita tu."

Lakini tusiishie hapo, maana ingekuwa kumdhulumu baba. Ikiwa kwao mtoto ni pale walipo watu wake, baba naye ni mtu wake, wa kwanza kabisa pamoja na mama. Na baba hakutoka hewani. Ana mama yake aliye hai au kaburi la mama yake. Ana ndugu, ana jina alilopewa kwa sababu. Watu hao nao waweza kuwa watu wa mtoto. Ila hawawi watu wake kwa amri. Mtu huwa mtu wako kwa kujuana naye. Hapo ndipo penye tofauti yote ya neno hili: baba aweza kuliongeza "kwao" la mwanawe kwa kumjulisha, hawezi kuliongeza kwa kumdai.

Wasomaji wetu wa Kilimanjaro walijua jina la Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kuondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1938. Ndiye aliyeandika juu ya sheria za Wachaga katika kitabu cha mwaka 1926, na baadaye akayakusanya mafundisho ya jando na ya ukoo katika mabuku matatu. Gutmann alifundisha kwamba mtu hakuumbwa awe peke yake. Alihesabu vifungo vitatu vimshikavyo mwanadamu: ukoo, ujirani na rika. Vifungo hivyo, alisema, ni kazi ya Muumba, na kanisa likivikata litamwacha mtu uchi. Aliogopa mji, aliogopa fedha, aliogopa mafunzo yamwondoayo kijana mmoja mmoja kutoka kwa wenzake. Baba wa Temeke asomaye habari hizi huenda akasema, "Tazama, mzungu huyu alijua. Mwanangu amekatwa na ukoo na ardhi, ndiyo sababu hanisikii."

Twamheshimu Gutmann kwa kuwa aliwasikiliza wazee siku ambazo wengi hawakuwasikiliza. Hata hivyo tusimfuate kwa macho yaliyofumba. Watu wa wakati wake walimlaumu kwamba aliyapenda mambo ya kale mno asiyaone mahitaji ya vijana. Na maneno ya damu na udongo yalikuwa yakitumiwa kwa uovu mkubwa huko Ujerumani katika miaka ile ile. Kosa analolifanya baba wetu ni jingine. Husikia "ukoo, ujirani na rika", kisha moyoni mwake huyageuza yote matatu kuwa ardhi. Lakini katika vifungo hivyo vitatu, viwili vyaweza kupanda basi. Ujirani waweza kupandwa Chamazi. Rika laweza kupandwa Mwananyamala. Watoto waliofundishwa kipaimara mwaka mmoja, wakavaa nguo nyeupe siku moja, ni rika, nao husaidiana hata uzeeni wakiachwa wafanye hivyo. Ukoo ndio mgumu kuuhamisha, wala hatusemi ni rahisi. Lakini baba alalamikaye kwamba ukoo uko mbali, huku hajui jina la jirani yake wa ukuta mmoja, amevikata vifungo vitatu vyote kwa mkono wake, kisha amsingizia mtoto.

Tena tuseme kweli juu ya ardhi yenyewe. Katika desturi ya Wachaga mwana wa kwanza na kitinda mimba ndio waliotangulizwa katika urithi wa kihamba. Wana wa katikati walitafuta mahali pao pengine. Vihamba vimegawanywa baba kwa mwana hata vingine vimekuwa vidogo kama ua. Baba wa Temeke mara nyingi ni yule wa katikati. Aliondoka kwa sababu desturi haikuwa na nafasi ya kutosha kwa ajili yake, naye humwambia mwanawe, "Kwenu ni kule." Na binti je? Yeye naye huambiwa kwamba kwao ni Machame, wakati desturi ile ile ya Machame haikumwekea hata mgomba mmoja wa urithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki sawa ya kuwa na ardhi, lakini twajua njia iliyopo kati ya sheria na kikao cha ukoo. Binti huyo afanye nini na neno "kwenu"? Hatujamsikia baba amjibuye vema.

Liko pia jambo la nyumba ya nyumbani. Baba hujenga huko bara nyumba ya matofali, yenye madirisha ya vioo na mlinzi wa kulipwa, alale humo siku kumi kila mwaka. Na wanawe wanne hulala chumba kimoja cha kupanga huko Mbagala. Hatumcheki. Nyumba ile ni neno lake kwa mama yake, kwamba hakupotea. Ila wanawe nao wangetaka kusikia neno.

Maana hapa ndipo jambo lilipo chungu. Mtu akaaye Chamazi, na kazi yake iko Kariakoo au bandarini, huondoka kabla ya mapambazuko, wala harudi mpaka taa zimewashwa. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yaliwafupishia wengine njia. Wengi wangali wakisimama katika daladala. Mtoto mdogo humjua baba yake kwa sauti ya lango likifunguliwa na kufungwa. Siku za juma hakumwona. Jumapili baba ana kikao cha watu wa kwao, cha kuchangia msiba au arusi. Wala vikao hivyo si vibaya. Vimewazika wengi waliokuwa hawana mzikaji. Lakini fikirini, ndugu, namna mambo yanavyoonekana kwa mtoto. Kila jioni simu yalia kutoka bara. Tangu mwaka 2008 fedha zatumwa kwa simu katika nchi yetu, na jambo hilo limekuwa msaada mkubwa kwa wazee. Lakini mtoto aliyekaa karibu husikia nini? Husikia kwamba bati la bibi limeng'oka, kwamba ng'ombe ni mgonjwa, kwamba ada ya binamu haijalipwa. Husikia baba akishusha pumzi. Kisha kesho yake daftari halinunuliwi. Basi mtoto hujifunza kwamba "nyumbani" ni mahali panapodai. Hakufundishwa hivyo na mtu mbaya. Amefundishwa na baba mwema, atumaye fedha kwa upendo, asiyemweleza mwanawe ni nani yule anayetumiwa, na alimfanyia nini baba alipokuwa mdogo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, hata yataja nafasi ya kucheza. Ni sheria njema. Baba wengi wa Temeke huitimiza kwa jasho kubwa mno, tena kwa ujira mdogo, nasi twawasalimu. Lakini sheria yaweza kumpeleka barazani baba aliyenyima unga. Haiwezi kumpeleka barazani baba aliyenyima masimulizi. Deni hilo la pili halina hakimu, ndiyo sababu huahirishwa hata mtoto amekua.

Na tuseme juu ya lugha, kwa kuwa ndiyo inayolalamikiwa sana. Kiswahili kimetufanya watu wamoja. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 shule za msingi za serikali zafundisha kwa lugha hiyo, na katika sharika zetu za mjini mahubiri ni ya Kiswahili, kwa sababu Mhaya na Mpare na Mbena wakaa benchi moja. Hatuna sababu ya kusikitika kwa ajili hiyo. Lakini baba husema kwa uchungu, "Wanangu hawajui Kichaga." Tumwulize: wangekijua kwa njia gani? Katika nyumba nyingi lugha ya baba hutumika kwa mambo matatu. Hutumika katika simu, kwa habari za fedha. Hutumika baba na mama wakitaka kuficha neno, watoto wasielewe. Na hutumika baba akikasirika sana, maana hasira hurudi katika lugha ya utotoni. Basi mtoto ameijua lugha hiyo barabara: ni lugha ya madai, ya siri na ya ukali. Siku ya Krismasi hupelekwa kwa bibi, akajaribu kuamkia kwa lugha hiyo, na wajomba hucheka mpaka machozi kwa matamshi yake. Hajaribu tena. Kisha twasema vijana wameacha mila.

Baba atakaye mwanawe ajue lugha yake na aanze kwa mambo matamu. Amfundishe majina ya vyakula siku mtori unapopikwa, si siku ya kuadhibiwa. Amfundishe maamkizi, na kwa nini mkubwa huamkiwa hivi na mdogo vile. Amsimulie habari za bibi: alilima nini, alimkimbiza nani kwa fimbo, aliimba nini akichota maji. Wala asisimulie sifa tu. Watoto wa mji wana masikio makali, wakisikia kwamba kule bara migomba ilikuwa minene, maziwa yalijaa, na kila mtu alipendana na mwenzake, huuliza moyoni, "Basi mbona uliondoka?" Swali hilo ni la haki. Baba wengi huliogopa, kwa sababu jibu lake lina njaa ndani yake, au ugomvi wa mpaka, au karo iliyokosekana, au kaka aliyeipata sehemu yote. Nasi twaona kwamba jibu hilo ndilo urithi. Mtoto akijua kwa nini baba yake alipanda basi usiku akiwa na shati moja, huijua nchi ya baba yake kuliko yule aliyepelekwa kila mwaka kutazama mlima.

Maandiko yana baba wawili waliozaa ugenini, na majina waliyowapa wana wao yastahili kufikiriwa. Musa, alipokuwa Midiani, alimwita mzaliwa wake wa kwanza Gershomu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake. Mtoto maskini! Alizaliwa Midiani, mama yake ni wa Midiani, babu yake ni kuhani wa hapo hapo. Hakuwa mgeni wa mtu ye yote, naye akabebeshwa jina la upweke wa baba yake. Yusufu huko Misri alifanya kinyume. Alimwita wa kwanza Manase, kwa kuwa Mungu alimsahaulisha taabu yake na nyumba yote ya baba yake. Huyu naye alibebeshwa jina, la kusahau. Hao wawili wako mitaani kwetu hata leo: mmoja amfanya mwanawe chombo cha kukumbuka, na mwenzake amfanya chombo cha kusahau, asimwambie hata jina la babu yake, atumie Kiingereza kibovu nyumbani ili mtoto apate kazi. Lakini tazameni mambo yaliyofuata. Musa alipopata mwana wa pili alimwita Eliezeri, na jina hilo halina neno la ugeni. Lataja msaada wa Mungu. Na Yakobo, babu mzee, alipoletewa Manase na Efraimu, wana wa mama Mmisri waliozaliwa Misri, hakuwauliza lugha wala hakuwacheka matamshi. Aliwavuta magotini, akasema kwamba ni wake kama Reubeni na Simeoni walivyo wake. Babu ndiye aliyeifunga njia iliyokatika, tena kwa kuwapokea kama walivyo. Bibi na babu walioko bara wasomao gazeti hili watajua tunawaambia nini.

Yapo pia mafundisho ya pwani hii yenyewe, ambayo sisi wa bara twayapita bila kuyaona. Zamani wapagazi wa Unyamwezi waliposhuka pwani na misafara, walipita katika nchi ya Wazaramo, wakapigana nao, wakafanya nao biashara, wakafiana. Kutokana na hayo ukatokea utani. Mtani humtukana mwenzake bila kosa, humnyang'anya kitu kwa mzaha. Lakini msiba ukitokea, mtani huja kufanya kazi ambazo ndugu wa marehemu hawawezi kwa ajili ya majonzi. Huu ulikuwa ufundi mkubwa. Haukumtaka Mnyamwezi awe Mzaramo. Haukumtaka asahau kwao. Ulimpa nafasi ya kuwa mtu wa hapa akiwa bado ni wa kule, na nafasi hiyo iliambatana na wajibu: ucheke nasi, utuzike. Yule afisa wa Kiingereza, J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji mwaka 1956 na 1957 na kutoa kitabu chake mwaka 1963, aliwakuta watu wa makabila mengi wakichanganyika katika nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku na ua nyuma. Katika ua kama huo mpangaji hujulikana na wenzake apende asipende. Moshi wa jiko lake wawapata wote.

Siku hizi wengi wamejenga nyumba zao wenyewe pembezoni, na kuzizungushia ukuta. Twawapongeza kwa nyumba. Kuhusu ukuta twasita. Huko bara mtoto akikosea njiani, mzee ye yote aliweza kumkemea, na baba alishukuru. Baba wa Bunju hutamani malezi hayo, lakini jirani akimkemea mwanawe hukasirika na kusema, "Yanihusu mimi." Hawezi kupata vyote viwili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wasema Waswahili. Na jembe la mtaa ni mambo madogo: kuhudhuria mkutano wa serikali ya mtaa, kushika jeneza la mtu asiye wa kabila lako wala wa dini yako, kujua mtoto wa nani ameacha shule. Baba alishikaye jembe hilo humpa mwanawe kitu ambacho fedha haikinunui, yaani mtaa mzima wenye macho ya wema. Asiyelishika humlea mwanawe kama yatima wa jirani, ingawa yeye mwenyewe yu hai na ana kazi njema. Na tusisahau kwamba vijana waliokulia Mbagala na Tandika nao sasa wahama. Wako Maskati, wako Marekani. Huko wakiulizwa kwao ni wapi, moyo hauendi Machame. Waenda kwenye ua ule.

Limebaki neno moja, nalo baba wengi hawapendi kulisema wakiwa wazima. Wazikwe wapi? Kila juma magari huondoka Dar es Salaam usiku yakipeleka maiti Kilimanjaro na Bukoba na Njombe, kwa gharama ambayo mara nyingine huwaacha wajane na madeni. Yakobo aliwaapisha wanawe wamtoe Misri na kumlaza Makpela pamoja na baba zake, nao wakafanya hivyo kwa safari kubwa. Hatuwezi kusema kwamba alikosa. Lakini Raheli, mke aliyempenda kuliko wote, alimzika kando ya njia ya kwenda Efrata, pale pale alipofia, akasimamisha nguzo juu ya kaburi. Wala hatusomi kwamba alimpenda kidogo kwa sababu hiyo. Basi hapana sheria katika jambo hili, ila sheria ya kusemezana mapema. Baba aamuaye peke yake, akawaachia wanawe agizo na deni, hakuwatendea kama watu wazima. Na awaite jioni moja, awaulize. Huenda mmoja akasema, "Tutakupeleka kwa bibi, ulale karibu naye." Na mwingine, pengine yule mdogo, atauliza, "Baba, makaburi ya Kinondoni si karibu? Tukitaka kuja kukuona Jumapili, nauli ya Moshi tutaitoa wapi?"